Kufufua uchumi wa wilaya ya pwani: tuhesabu mishahara ya miezi isiyo na wageni

Mji wa bara una majirani pande zote. Mji wa pwani una majirani upande mmoja, kwingine ni maji. Mwenye duka hupata wateja wa nusu duara, mwajiri hupata wafanyakazi wa nusu duara, na mfanyakazi aliyechoshwa na ujira mdogo ana milango michache ya kubisha. Reli na barabara nyingi zikifika ufukweni zimefika mwisho, kwa hiyo hata wapita njia hakuna. Waajiri wakiwa wachache namna hiyo, mshahara hupangwa na wao.

Umaskini huu hujificha vizuri kwenye takwimu. Mapato ya wilaya mara nyingi huhesabiwa kwa kufuata mtu anakolala, si anakofanyia kazi. Mstaafu mwenye pensheni nene na mtaalamu anayepanda treni kila alfajiri kwenda kazini mjini wanapandisha wastani wa mahali ambapo mhudumu wa hoteli, mtunza wazee na mkata samaki kiwandani wanaambulia kima cha chini. Ukisomewa wastani wa mapato ya wilaya yako, uliza kwanza: ni ya wakazi, au ya ajira zilizomo humu humu? Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linaloonyesha hali ya kazi za wilaya.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa sababu pwani yake imepata karibu kila pigo. Mji wa bandari wa Grimsby uliishi kwa meli za kuvua mbali. Mgogoro wa samaki na Iceland ulipoisha mwaka 1976, Iceland ikabaki na mamlaka ya maili 200 za bahari na meli hizo zikakosa pa kwenda. Miji ya likizo kama Blackpool na Margate ilinyang'anywa wageni na ndege za bei nafuu kwenda Hispania. Hoteli zilizobaki tupu zikakatwakatwa kuwa vyumba vya kupanga vya bei ya chini, na vyumba hivyo vikavuta watu waliokwishakwama kwingine: wagonjwa, wasio na kazi, waliovunjikiwa na ndoa. Jaywick, kijiji kilichoanza kama vibanda vya likizo, kilitajwa kuwa eneo lenye dhiki kuliko yote England katika tathmini za 2010, 2015 na 2019. Mara tatu mfululizo.

Tiba inayopendwa na wanasiasa ni jengo. Linaonekana, linazinduliwa, linapigwa picha. Margate ilifungua jumba la sanaa la Turner Contemporary mwaka 2011, na lilileta wageni, migahawa na wakazi wapya. Anayekana hilo hajafika huko. Lakini nyumba na kodi zilipanda bei pia, na mhudumu wa mgahawa hakuongezewa mshahara kwa kasi hiyo. Mji wa St Ives ulijaribu breki: mwaka 2016 wakazi walipiga kura kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kwa watu wanaotaka za mapumziko tu. Wanunuzi hao wakahamia kwenye nyumba za zamani. Sera ya nyumba isiyogusa nyumba zilizokwishajengwa huziba tundu moja la ndoo yenye matundu mawili.

Nadhani Grimsby inafundisha zaidi, ingawa haipendezi kwenye kadi za posta. Viwanda vya kusindika samaki vilibaki hata samaki walipoanza kuletwa kutoka nje, na bandari ikawa kituo cha mafundi wanaotunza mitambo ya umeme wa upepo baharini. Mitambo haisubiri majira ya joto; fundi analipwa Januari kama Julai.

Hata hivyo, thamani ya uzalishaji si ajira. Newfoundland, Kanada, ilifunga uvuvi wa chewa (samaki wa bahari baridi, kwa Kiingereza cod) mwaka 1992 na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Baadaye kaa na kamba walileta fedha nyingi, kwa mikono michache zaidi. Vijana walikuwa wamekwishahama.

Ndiyo maana tunapopima mradi tunaanza na orodha ya mishahara ya miezi isiyo na wageni: ni wangapi wanalipwa miezi 12, na kiasi gani. Kisha tunafuata fedha. Mkandarasi ametoka wapi, chakula cha hoteli kinanunuliwa kwa nani, faida inalala benki ya mji gani? Idadi ya watalii tunaiweka mwisho. Chuo cha ufundi chenye kozi zinazolingana na kazi za bandarini, basi la kuwahi zamu ya alfajiri na intaneti ya uhakika havizinduliwi kwa tarumbeta, lakini bila hivyo ajira nzuri zikija zitachukuliwa na watu wa kutoka nje ya wilaya.

Mradi ukiletwa kwenye mkutano wa hadhara, mwananchi ana haki ya kuuliza hayo yote na kuomba majibu yawekwe kwenye muhtasari wa kikao, kabla mkataba haujasainiwa.