Kwa nini kamba, si risasi?

Anayehukumiwa kifo na mahakama ya kiraia Tanzania, Kenya au Uganda hukumu yake ni kunyongwa. Somalia na Falme za Kiarabu wanapiga risasi, Saudia wanatumia upanga, na Japani ni kitanzi tena. Nafundisha sheria ya jinai, na kila kundi la wanafunzi huniuliza nani alikaa akachagua. Mara nyingi hakuna aliyechagua. Tazameni sheria zenu zilitoka wapi.

Kwetu zilitoka kwa Mwingereza. Kanuni za Adhabu za Kenya, Uganda na Tanganyika zote ni za mwaka 1930, na kamba ilikuja nazo. Mwingereza alikuwa ameshaifanya kamba kuwa suala la hesabu. Zamani mtu aliangushwa kimo kifupi tu, akakabwa taratibu hadi roho imtoke. Kuanzia mwaka 1872 mnyongaji William Marwood akawa anapima urefu wa kamba kulingana na uzito wa mtu, ili shingo ivunjike papo hapo. Baadaye serikali ikatoa jedwali rasmi: mzito huangushwa kimo kifupi, mwepesi kirefu. Kimo kikizidi, kichwa kinaweza kung'oka. Kikipungua, tunarudi kule kule kwenye kukabwa. Uingereza yenyewe ilinyonga mara ya mwisho Agosti 1964.

Kabla ya Mwingereza, Mjerumani naye alinyonga hapa: Bushiri bin Salim pale Pangani mwaka 1889, Songea Mbano mwaka 1906. Lakini kifungu cha 13 cha sheria ya adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871 kilisema wazi kwamba adhabu ya kifo ni kukatwa kichwa. Dola ni moja. Raia wa Berlin sheria yake ilimwelekeza kwenye kukatwa kichwa, mtawaliwa wa Pangani akawekewa kitanzi hadharani. Kwangu mimi hapo ndipo inapoonekana kwamba njia ya kuua hubeba pia ujumbe wa nani ni nani.

Tofauti ya namna hiyo inaweza kukaa ndani ya nchi moja hata leo. Uganda iliwanyonga watu 28 gereza la Luzira mwaka 1999, kisha mwaka 2002 wanajeshi wawili wakapigwa risasi kule Kotido. Kosa linaweza kuwa lile lile la mauaji. Kinachoamua ni mahakama iliyokuhukumu, ya kiraia au ya kijeshi.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Katiba yao inakataza adhabu ya kikatili na isiyo ya kawaida, basi majimbo yamekuwa yakikimbilia kila chombo kinachoonekana cha kistaarabu zaidi: kiti cha umeme New York mwaka 1890, gesi Nevada mwaka 1924, sindano ya sumu Texas mwaka 1982. Watengenezaji wa dawa walipoanza kugoma, na Ulaya ikabana uuzaji wake nje mwaka 2011, sindano ikawa shida. Alabama ikatumia gesi ya naitrojeni Januari 2024. South Carolina ikatumia risasi Machi 2025. Na mwaka 2019, katika shauri la Bucklew, Mahakama yao ya Juu ilisisitiza kwamba mfungwa anayelalamikia njia fulani lazima ataje nyingine inayowezekana na yenye maumivu machache zaidi. Yaani ajitafutie mwenyewe namna ya kuuawa! Nimesoma hukumu nyingi, hiyo bado inanishangaza.

Huku kwetu kamba yenyewe imeshafika mahakamani, na majibu hayafanani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Mbushuu mwaka 1995, ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili, kisha ikaiacha ibaki kwa sababu Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Kigula mwaka 2009, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, yaani jaji kutokuwa na hiari ya kutoa adhabu nyingine, lakini ikaacha kunyonga kubaki. Kisha Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikatamka kwamba kunyonga kunavunja utu wa binadamu, na ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuondoa ulazima wa adhabu ya kifo. Mwezi huo huo Tanzania iliwasilisha taarifa ya kuwaondolea wananchi wake nafasi ya kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Kifungu cha 26 cha Kanuni yake ya Adhabu bado kinataja kamba.