Kuishi na kuwekeza visiwa vya Kei, Indonesia: yanayosemwa na yaliyopo

Desemba 2022 ulitangazwa mnada New York wa visiwa vya Widi, visiwa zaidi ya 100 vilivyoko Maluku Kaskazini, mkoa wa mashariki ya Indonesia. Habari ikaenea dunia nzima kwamba Indonesia inauza visiwa vyake. Kilichokuwa sokoni kwa hakika ni hisa za kampuni iliyokuwa na ruhusa ya kuendeleza utalii pale. Ardhi yenyewe haikuwa yake. Serikali ikatoka hadharani kusema kisiwa hakiuzwi, mnada ukaahirishwa, na makubaliano na kampuni ile yakavunjwa. Lakini picha ya kisiwa chenye bei imebaki vichwani mwa watu. Nikimsikia mtu aliyesota miaka Muscat au Doha akiulizia "kijisehemu ufukweni, mbali kabisa na Bali", huwa namhofia kwa dhati, maana akiba yake inaweza kuteketea kwa saini moja tu.

Nitazungumzia Kei, kusini-mashariki mwa Maluku, kwa sababu ndiko wengi wanakoelekezwa siku hizi wakishachoshwa na bei za Bali. Ni karibu kilomita 2,900 mashariki ya Jakarta, na saa zake ziko sita mbele ya za Dar es Salaam na Nairobi. Kei Kecil ni kisiwa tambarare cha mawe ya matumbawe. Kei Besar ni mwembamba, mrefu, wenye milima. Miji ya Tual na Langgur imeunganishwa kwa daraja, na ufukwe wa Ngurbloat una mchanga laini kama unga uliochekechwa. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wanaishi vijiji jirani, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja. Sasa tuyatazame yanayosemwa.

"Ukiwa na pesa, unanunua kama mtu mwingine."

Hununui. Sheria ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, inasema umiliki kamili, unaoitwa *hak milik*, ni wa raia peke yao. Mgeni akiupata kwa mirathi au kwa ndoa, ana mwaka mmoja wa kuuachia. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata haki ya matumizi, *hak pakai*, ambayo kwa kanuni za 2021 ni miaka 30, ikiongezwa 20, kisha ikihuishwa 30. Njia ya kawaida zaidi vijijini ni kupangisha tu: unalipa, unapewa miaka mliyokubaliana, na ikiisha ardhi inarudi kwa wenyewe.

Hili halipaswi kutushangaza sisi. Kenya, Katiba ya 2010 inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, na Tanzania nayo haimmilikishi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Ajabu ni kwamba mtu anayelijua hilo vizuri nyumbani kwao, akishuka ndege ugenini analisahau.

Hapo ndipo anapotokea dalali na dawa yake: "Tuandike kwa jina la mwenyeji, halafu tufunge mkataba wa siri pembeni kwamba ni yako." Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kifungu cha 26 cha ile sheria ya Indonesia ya 1960 kinasema kitendo chochote cha kumhamishia mgeni umiliki, iwe waziwazi au kwa kupitia mlango wa nyuma, ni batili. Ardhi inaangukia serikalini, na pesa uliyolipa hairudishwi. Sheria ya uwekezaji ya 2007 nayo imebatilisha mikataba ya kumtumia mtu kama mwanahisa wa jina. Kwa hiyo yule mwenyeji akifariki, au watoto wake wakagombana, au yeye mwenyewe akabadili mawazo, huna mahakama ya kukimbilia. Ukienda kushtaki utakuwa unakiri kosa lako mbele ya hakimu. Tena si haki hata kwa mwenyeji: anabebeshwa mzigo ambao wanawe wataurithi bila kuuelewa.

Na ndoa je? Wapo wanaodhani ukioa au ukiolewa pale, mambo yameisha. Bila makubaliano ya kutenganisha mali, kinachonunuliwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, hivyo hata mwenzi aliye raia anajikuta hawezi kushika umiliki kamili. Hadi 2016 makubaliano hayo yalitakiwa yaandikwe kabla ya ndoa. Mwaka huo Mahakama ya Katiba iliruhusu yaandikwe hata baadaye, na wanawake wengi wa Kiindonesia walioolewa na wageni walipumua.

"Kile kisiwa kidogo hakina mtu, hakina mwenyewe."

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inafuta watu. Kei hakuna pori lisilo na jina. Kila kijiji, yaani *ohoi*, kina eneo lake la mila, *petuanan*, linaloanzia msituni, likapita minazini na kuingia baharini hadi kwenye miamba ya matumbawe. Yupo *tuan tanah*, mtu wa ukoo ulioaminiwa kuilinda ardhi, na bila neno lake saini ya mkuu wa kijiji ina uzito mdogo. Kisiwa unachokiona kitupu kutoka kwenye boti kina minazi ya ukoo fulani, na maji yanayokizunguka yana majongoo bahari ambayo kijiji kinayasubiri.

Kusubiri huko kuna alama yake. Utaona mti umesimikwa ufukweni, umefungwa kuti changa la mnazi, jeupe-manjano, limesukwa na kuning'inia. Hakuna kibao wala mlinzi. Hiyo ni *hawear*, marufuku ya mila, ambayo sehemu nyingine za Maluku huitwa *sasi*. Maana yake ni kwamba hapa hapaguswi hadi wazee watakapolitoa: nazi zikomae, kombe waitwao lola wakue, majongoo bahari waongezeke. Siku ikifunguliwa kijiji kizima kinaingia majini. Atakayevunja atatozwa faini, na wengi wanaamini atapatwa na balaa. Kuti hilohilo hufungwa pia panapokuwa na mgogoro. Shule na ofisi za serikali zimewahi kufungwa hivyo, na watu wakaheshimu mpaka suluhu ipatikane.

Sasa mfikirie mwekezaji aliyelipa fundi, amemwaga kokoto, asubuhi anaamka anakuta kuti limefungwa kwenye njia yake. Akilitoa kwa mkono wake, amemaliza habari yake kisiwani. Hakuna kibali cha Jakarta kitakachomrudishia mafundi. Mila ya Kei, *Larvul Ngabal*, ina vifungu saba, na cha mwisho kinasema mali ya wengine ibaki ya wengine, na yetu ibaki yetu. Kinamlinda mgeni pia, ila mgeni aliyeingia kwa mlango wa mbele.

Sheria ya taifa nayo inaitambua ardhi ya mila. Juu ya hayo, kwa visiwa vidogo, mwekezaji haruhusiwi kushika zaidi ya asilimia 70 ya eneo la kisiwa. Asilimia 30 hubaki mikononi mwa serikali. Na kufunga njia ya watu kwenda ufukweni hakuruhusiwi.

"Nitajenga vibanda vitano nikaribishe watalii."

Vibanda vitano ndivyo hasa ambavyo mgeni hatakiwi kujenga. Biashara ndogo zimeachiwa wenyeji, na nyumba za wageni za Ngurbloat ni za familia za pale. Kampuni yenye mtaji wa kigeni, PT PMA, inahesabiwa kuwa biashara kubwa: mpango wake wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10, karibu dola 600,000, na kwa biashara nyingi thamani ya ardhi na majengo haihesabiwi humo. Wala usifikirie kujenga miguu ikigusa maji. Kuna ukanda wa hifadhi ya pwani, angalau mita 100 kutoka maji kujaa. Visa ya utalii nayo hairuhusu kazi, hata ile ya kuwapokea wageni wako mwenyewe.

Usidanganyike pia kwamba bei lazima ipande kama Bali. Haki ya kupanga huliwa na kila mwaka unaopita. Ulicholipia miaka 25, baada ya 10 unauza 15. Na watalii wa kigeni kufika Kei kunawagharimu: ndege hadi Ambon, mji mkuu wa mkoa wa Maluku, kisha nyingine hadi Langgur.

"Maisha kule ni bure."

Samaki ni rahisi, kweli. Chakula cha wenyeji, *enbal*, ni muhogo mchungu uliokunwa, ukakamuliwa sumu yake, ukaokwa vipande vigumu vinavyokaa muda mrefu. Lakini saruji, mabati, vitunguu na vipuri vya injini vinakuja kwa meli. Ndiyo maana tangu 2015 serikali inagharamia njia za meli za mizigo za mashariki ili bei zishuke. Meli ikichelewa, jengo lako linasimama. Maji nayo: Kei Kecil ni jiwe la matumbawe, maji baridi yanaelea juu ya ya chumvi, na ukichimba kisima karibu na pwani ukavuta kwa pampu kubwa utawaharibia na majirani. Mtu wa Makunduchi au Jambiani hahitaji kuelezwa zaidi.

Wanaosema hakuna mawasiliano wamepitwa. Mkongo wa taifa ulikamilika 2019, na intaneti ya satelaiti ya Starlink ilifunguliwa Indonesia Mei 2024. Umeme wa vijiji vya mbali ndio wa kuulizia kwanza.

Hospitali ipo Langgur. Kwa makubwa unapelekwa Ambon au Makassar kwa ndege, kwa hiyo bima isiyogharamia kusafirishwa haikufai. Malaria imedhibitiwa Java na Bali, ila mashariki bado ipo, hasa Papua. Na ardhi inatikisika: Februari 1938 tetemeko la ukubwa wa 8.5 lilitokea chini ya Bahari ya Banda na kuleta tsunami. Jua njia ya kukimbilia juu kabla hujajua njia ya sokoni.

"Nimekaa wiki mbili, nimepaelewa."

Umeelewa msimu mmoja. Kei, kama pwani yetu yenye kaskazi na kusi, ina pepo mbili. Upepo wa magharibi ukishika, kuanzia Desemba, upande ule wa bahari unachafuka. Upepo wa mashariki ukiingia katikati ya mwaka, vijiji vya mashariki ya Kei Besar vinapata shida ya kufikika. Ningemshauri yeyote apange chumba kwa familia ya kijijini apitie pepo zote mbili, asile kiapo na dalali yeyote kabla ya hapo.

Akishaamua, mazungumzo yaanzie kwa wazee na *tuan tanah*, ukoo mzima ukae, si kaka mmoja mwenye shida ya pesa. Ofisi ya ardhi ithibitishe kilichosajiliwa na kisichosajiliwa. Mkataba uandikwe kwa Kiindonesia: sheria ya 2009 inadai hivyo pale upande mmoja unapokuwa wa Indonesia, na mahakama zimewahi kubatilisha mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza peke yake. Humo iandikwe miaka mingapi, nani anaongeza na kwa bei gani, majengo yanabaki kwa nani, na warithi wa pande zote mbili watie saini.