Randa ya Umeme Inayokata na Kurudi: Namna Ninavyoisaka Hitilafu Isiyotulia

Mzee mmoja, fundi wa mashua, alinijia karakanani kwangu Wete, Pemba, akitokea Tumbe, amepakata randa ya umeme iliyoviringishwa ndani ya kipande cha tanga. Randa hiyo ilikwishapita mikononi mwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha brashi za kaboni, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, wa pili akabadilisha swichi, na kila mara ilifanya kazi siku mbili tatu kisha ikarejea desturi yake ya kukata katikati ya ubao. "Mwanangu," aliniambia, "kwangu hukataa, ikifika kwa fundi hukubali." Niliichomeka, nikaibonyeza, nayo ikanguruma karibu saa nzima bila kusita hata mara moja.

Mashine iliyokufa kabisa humwia fundi nyepesi, kwa sababu hitilafu imekaa mahali pake ikisubiri kupimwa. Hii inayokuja na kuondoka haipimiki katika saa ambayo haipo. Kwa hiyo nimejiwekea sharti ambalo silivunji hata mteja akiwa na haraka ya kuwahi gari: sibadilishi kifaa chochote mpaka niweze kuileta hitilafu na kuiondoa kwa hiari yangu. Kule kufungua mashine na kuifunga tena, peke yake, hutikisa nyaya na kuzigusanisha ncha zilizokuwa zimeachana, hivyo mashine hupona kwa muda na kifaa kipya kikapewa sifa isiyo yake. Sidhani kwamba mafundi wale wawili walimdanganya mzee. Naamini waliiona randa ikifanya kazi baada ya mikono yao, wakaridhika.

Jambo hili si la gharama tu. Kisu cha randa huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na baadhi ya randa zina kitufe cha kuishikilia swichi ili kidole kipumzike. Mashine ikikata huku kitufe hicho kimeshika, mwenyewe huigeuza kutazama kulikoni, na umeme ukirudi wakati huo kisu huanza kuzunguka vidole vikiwa karibu nacho. Ndiyo maana kabla ya kuitafuta hitilafu huchomoa plagi, hutoa visu vyote, kisha huibana mashine kwenye jiliwa. Sitikisi waya wa mashine inayozunguka ikiwa mkononi mwangu.

Mambo matatu ndiyo huiamsha hitilafu ya namna hii, nayo ni mwendo, joto na mzigo. Mashine ikikata pale waya unapovutwa au kupinda, hutazama waya na plagi. Ikiwa inataka kubonyezwa kwa nguvu ndipo ikubali, hutazama swichi. Ikiwa haianzi kuzunguka mpaka mhimili uzungushwe kidogo kwa mkono au ubavu wake ugongwe, hutazama kaboni na komyuteta, yaani ile duara ya shaba inayoguswa na kaboni. Ikifanya kazi dakika kumi, ikakata, kisha ikakubali tena baada ya kupoa, hapo huhofia maungio ya koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, ambayo joto huyaachanisha na ubaridi huyakutanisha. Hizi ni dalili za kuanzia tu, kwani waya ulioungua ndani nao huweza kukata kwa joto kama koili.

Basi nikaacha bisibisi, nikamuuliza mzee maswali. Hukata ukiwa unaranda wapi? Akafikiri, akasema kwamba akiranda ubao uliolazwa chini hapati taabu, bali akiinua randa ubavuni mwa mashua, mkono ukiwa juu ya bega, hukata. Na waya wakati huo uko wapi? Akasema unaning'inia mpaka chini mchangani, huko ulikounganishwa na waya mrefu unaotoka nyumbani. Jibu hilo lilinifaa kuliko saa nzima ya kuisikiliza ikinguruma mezani. Niliinua jiliwa dogo na randa yake juu ya kabati, nikauacha waya uning'inie kwa uzito wake wote, nikawasha. Haikupita dakika, ikakata. Nikauinua waya kwa kijiti kikavu, ikarudi.

Hapo wengi hukimbilia mita, nami nilifanya hivyo. Mita iliniambia kwamba waya ni mzima. Haikusema uongo, ila katika kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huuzuia umeme kupita, mita hupitisha mkondo mdogo mno, ambao hutosheka hata na ncha mbili zilizogusana kwa shida ndani ya ganda. Randa ya wati 700 kwenye volti 230 hutaka karibu ampea 3. Mguso mbovu wenye ukinzani wa omu 1 tu, kiasi ambacho wengi husoma kwenye mita wakakipuuza, ukipitiwa na ampea 3 hutoa joto la wati 9 mahali pasipozidi kichwa cha sindano. Joto hilo huzidi kuziunguza ncha, kutu ya shaba huongezeka, na ukinzani hupanda mpaka njia ikakatika.

Kwa hiyo hutumia betri ya gari ya volti 12 na taa ya mbele ya gari ya wati 55. Taa hiyo huvuta zaidi kidogo ya ampea 4 na nusu, yaani mzigo unaoushinda hata ule wa randa yenyewe, lakini kwa volti ambazo hazimdhuru mtu anayeukunja waya kwa mikono yake. Niliufungua waya kutoka ndani ya randa, nikaunganisha betri, taa na uzi mmoja kati ya miwili iliyo ndani ya waya kwa mfuatano, kibanio kimoja kwenye jino la plagi na kingine kwenye ncha ya upande wa pili, kisha nikauchezesha waya inchi kwa inchi. Uzi wa buluu haukutikisika. Uzi wa kahawia, nilipofika shingoni, chini ya ule mpira unaoulinda waya unapoingia mpinini, taa ilififia ikawa nyekundu, ikazima, ikawaka. Taa hiyo ikiwaka, ukinzani wake wenyewe haufiki omu 3, hivyo omu 1 ya ziada huonekana kwa macho. Wakati huo huo huipima na plagi, kwani plagi zetu za ampea 13 zina fyuzi ndani, na vibanio vya fyuzi vikilegea huleta dalili zilezile. Vya mzee vilikuwa imara.

Nilipolipasua ganda nilikuta nyuzi nyembamba za shaba ndani ya ule uzi wa kahawia zimekatika karibu zote, zilizobaki hazizidi tatu, na ncha zimegeuka kijani na nyeusi. Kupinda ndiko kulikoanza kuzikata, na hewa ya chumvi ikamalizia. Chumvi hunyonya unyevu, na waya unaolala pwani kutwa haukauki ndani ya ganda lililopasuka hata jua likiwa kali. Nilikata sentimita 15, shaba bado ilikuwa nyeusi; nikakata nyingine, bado. Weusi ukiendelea namna hiyo sipotezi muda, nabadilisha waya wote. Nilimwekea waya wa nyuzi mbili wenye unene wa milimita 1 ya mraba na ganda la mpira, kwa sababu ganda la plastiki ya kawaida hukakamaa juani na kupasuka shingoni. Kuunga waya katikati na kuzungushia tepu ni kutengeneza hitilafu mpya ya aina ileile, tena karibu na maji.

Kuna kosa moja katika kufunga ambalo linaniuma kwa kuwa hufanywa kwa nia njema: kuzilehemu kwa risasi ncha za nyuzi kabla ya kuzikaza chini ya skrubu. Risasi ya kulehemia ni laini, hujisogeza taratibu ikibanwa, na baada ya miezi skrubu iliyokazwa vyema huwa imelegea. Nyuzi zisokotwe tu zikiwa safi, au zivalishwe kijibomba cha shaba na kubanwa. Kibanio cha kuushika waya ndani ya mpini nacho kirudishwe, kwani hicho ndicho kinachobeba mvuto badala ya skrubu.

Kwa kuwa randa ilikuwa wazi, nilitazama na mengineyo. Kaboni zilikuwa mpya na ndefu, lakini moja ilikwama ndani ya nyumba yake kwa vumbi la mbao lililochanganyika na grisi, hivyo springi haikuweza kuisukuma. Nilisafisha mpaka ikateleza yenyewe. Komyuteta ilikuwa na rangi ya kahawia iliyolingana pande zote, dalili njema, kwa hiyo sikuigusa kwa msasa. Mwisho nilipima kati ya meno ya plagi na chuma cha nje kwa kipimo cha volti 500, nikaona hakuna uvujaji wa umeme.

Sikumpigia mzee simu siku ile. Nilirudisha visu, nikaranda vipande vya mbao nusu saa huku msaidizi wangu akiuvuta na kuupinda waya, nikaiacha ipoe, nikarudia kesho yake. Mzee alipokuja nilimwomba ainue randa begani kama anavyofanya Tumbe, naye akaranda ubao nilioupigilia ukutani mpaka akaridhika. Kisha nilimfungia kitanzi cha kamba kwenye waya, kiasi cha dhiraa moja kutoka mpinini, akitundike kwenye ukingo wa mashua, ili uzito wa waya ubebwe na mashua badala ya shingo ya randa.