Ndoo ikinuka si mboji, ni uvundo

Wiki mbili zilizopita napita zangu Mkomani, hapa Lamu, bibi mmoja akaniita kutoka dakani kwake. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hajaimaliza: "Njoo uone mbolea yangu ishaiva, inanuka mpaka jirani kaja kulalamika." Na kafurahi! Nikafunua kifuniko cha ndoo yake ya maganda ya jikoni, wallahi machozi yakanitoka. Nikamwambia bibi, hii haijaiva, hii imeoza. "Mwanangu, ushaona wapi mbolea isiyonuka?"

Hii kauli nimechoka nayo. Nimeisikia kwa wazee, kwa vijana, hata kwa jamaa aliyekuja kutufanyia semina na kitambulisho chake shingoni. Sasa naandika hapa, atakayeniuliza tena namtumia linki.

Mboji, yaani mbolea ya mabaki ya jikoni na majani, iliyokwenda sawa inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Basi. Ikinuka yai viza, hewa imekwisha mle ndani, maji yamezidi, maganda yamegandamana na wale bakteria wanaotaka hewa wamekufa, wamebaki wasioitaka na hao ndio wanaotoa gesi yenye harufu hiyo. Ikinuka mkojo ni kitu kingine, hapo naitrojeni, chakula cha mimea, imezidi inatoroka kama amonia, gesi yenye harufu ya mkojo, yaani mbolea yako inapaa hewani na wewe umekaa unafurahi kuwa imekolea. Watu wanachanganya haya mawili halafu dawa yao kwa yote ni moja, jivu. Jamani jivu! Jivu tabia yake ni kama magadi, ukilimwaga juu ya ndoo inayonuka mkojo ndiyo kwanza unaifukuza amonia itoke kwa kasi, na mchanga wa pwani mara nyingi una chokaa ya matumbawe tayari, hauna haja ya kuongezewa. Kiganja kimoja mara mojamoja sawa, si kopo zima.

Dawa ni vikavu. Na hapa ndipo semina zinaponiudhi, wanafundisha "vya kijani na vya kahawia" kisha wanaondoka. Sasa mavi ya punda rangi yake ni ipi? Kahawia, lakini kwenye mboji yanahesabiwa na vibichi. Machicha ya nazi je, meupe pepepe? Mabichi hayo, tena yana mafuta, ukiyatupa bonge zima yanafanya ugaga juu na ndani yanachacha, bora uwape kuku au uyavuruge kidogo kidogo. Sahau rangi, uliza kitu hiki kina majimaji na kinaoza haraka, au ni kikavu kinachukua muda. Vitabu vinasema kaboni, iliyo nyingi kwenye vikavu, 25 mpaka 30 kwa naitrojeni, iliyo nyingi kwenye vibichi, 1, mimi sijawahi kupima, natia makopo mawili matatu ya kavu kwa kopo moja la jikoni, kisha nakamata konzi nakamua: yakichuruzika maji naongeza kavu, ikiwa kama kitambaa kilichokamuliwa naiacha.

Na vikavu tunavyo! Mafundi wa milango wanafagia maranda kila jioni, nenda na gunia lako. Ila uliza ni mbao gani, ya plaiwudi usichukue, ina gundi. Majani ya mwembe, makuti yaliyochakaa ukiyakatakata, boksi lisilo na nailoni juu. Makumbi hapana, au yachane kwanza, la sivyo mwakani utayakuta yanakutazama vilevile.

Samaki sasa. Vitabu vinakataza. Lakini huu ni Lamu, ukitoa samaki jikoni kinabaki nini? Mimi nafukia matumbo katikati na maranda mengi juu, mara nyingine inakubali, mara nyingine paka wa mtaa mzima wanahamia kwangu, na sababu ya kutofautiana siijui mpaka leo. Na tumbo la punda halisagi mbegu zote, nyingine zinatoka nzima kwenye mavi, inataka joto la nyuzi 55 kwenda juu kuziua, na ndoo ya nyumbani haifiki huko, lundo la kama mita moja kila upande ndilo linalofika. Kwa hiyo ndiyo, mchicha wangu umeota na magugu, nacheka na nang'oa.

Plastiki sina mengi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 28 Agosti 2017, chupa suuza uweke kando, kile chombo cha baharini cha Flipflopi kilichojengwa hapahapa Lamu kwa plastiki zilizookotwa kimefika mpaka Zanzibar mwaka 2019, kwa hiyo usiniambie haina kazi. Pampasi kwenye mboji ni marufuku, na kuna mtu anajijua.

Tuirudie ndoo ya bibi. Tuliimwaga juu ya gunia pale uani kwake, tukavuruga na maranda, tukatoboa matundu chini, tukarudisha. Leo asubuhi nimepita, akanifunulia mwenyewe. Haina harufu. Bibi akainama, akanusa, akanitazama kwa mashaka: "Sasa ndiyo imekufa hii?"