Kisu Chepesi cha Ala: Pima Unene Kwanza, Jina la Chuma Baadaye

Wanaotafuta kisu cha kushinda nacho kiunoni, kile cha kufungulia maboksi, kukata kamba, kumenya embe na kuchonga kigingi, karibu wote huanza na swali la chuma. Ni chuma gani? Kinaitwaje? Swali hilo lina nafasi yake, ila mimi huliweka mwisho. Kisu kinachochosha kubeba, au kinachopasua karoti badala ya kuikata, hakiokolewi na chuma ghali. Cha kuangalia kwanza ni unene wa bapa, halafu mteremko unaoshukia kwenye makali, halafu ala.

Nazungumzia kisu kisichokunjwa, chenye bapa la sentimita 6 hadi 9. Kinakishinda kisu cha kukunja kwa jambo moja kubwa: hakina kiungo. Hakuna skrubu ya kulegea, hakuna springi, hakuna mfereji wa kukusanya damu ya samaki na utomvu wa ndizi. Kinaoshwa chote kwa sabuni na maji, kinafutwa, basi. Gharama yake ni kwamba lazima kiwe na ala, na hakiingii mfukoni kirahisi. Kwa hiyo uzito una maana sana. Mpaka wangu ni gramu 120 pamoja na ala. Kikizidi hapo kinavuta mkanda, na mwenyewe ataanza kukiacha nyumbani.

Uzito unatoka wapi

Chuma cha kisu kina takribani gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chukua bapa lenye urefu wa milimita 80, upana 22 na unene 4: kabla ya kuchongwa makali ni gramu 55. Fanya unene uwe milimita 2.5, vipimo vingine vibaki vilevile, na bapa linashuka hadi gramu 35 hivi. Sasa ongeza msuka, yaani kile chuma kinachoingia mpinini, wenye urefu wa milimita 100 na upana uleule. Kwa unene wa milimita 4, chuma chote kinafika gramu 124. Kwa milimita 2.5 ni gramu 78. Gramu 46 zimeondoka kwa kubadilisha kipimo kimoja tu.

Linganisha na mashimo yanayotobolewa kwenye msuka ili kisu kipungue uzito. Shimo la kipenyo cha milimita 10 kwenye chuma cha milimita 4 linaondoa gramu 2.5. Mashimo sita yanaondoa gramu 15, na bado bapa ni nene palepale panapokata.

Kwa nini basi visu vidogo vingi sokoni ni vinene? Vimeundwa kwa mtu anayefikiria kwamba siku moja atakuwa porini na kisu hicho peke yake, akigonge kwa gongo kupasulia kuni. Kisu kiitwacho ESEE Izula ni mfano mzuri: makali yake hayafiki sentimita 7, ila unene unakaribia milimita 4. Ni imara kweli, na ni chepesi, takribani gramu 57 bila ala, kwa kuwa mpini wake ni chuma kitupu kilichotobolewa. Lakini kipeleke kwenye muhogo au tikiti utaona unene wake unavyokinzana na kazi. Kwetu kuni na matawi ni kazi ya panga, na panga lipo karibu kila nyumba. Wasweden na Wafini wana mpango huohuo: shoka linafanya kazi nzito, kisu cha kiunoni kinabaki chembamba. Ndiyo maana kisu cha Kisweden, Mora Companion cha chuma kisichoshika kutu, pamoja na sifa yake yote ya uimara, kina unene wa milimita 2.5 tu. Bapa lake la milimita 104 ni refu kidogo kwa kukaa nalo kwenye kiti cha gari, lakini kwa shamba na karakana sina neno nacho.

Kwa kazi za kila siku, milimita 2 hadi 2.5 zinatosha. Milimita 3 ni mpaka wa juu, na ikifika huko nataka mteremko uanzie mgongoni.

Mteremko na makali

Visu viwili vyenye unene sawa wa mgongo vinaweza kukata tofauti kabisa. Kipimo kinachotenganisha ni unene wa chuma milimita moja juu ya makali. Ukiwa na kalipa, kile chombo cha kupimia unene kwa taya mbili, pima hapo: milimita 0.3 hadi 0.4 ni kisu cha kukata, 0.6 au zaidi ni kisu cha kusukuma.

Kama huna kalipa, tumia karoti nene. Weka kisu juu yake, bonyeza taratibu bila kusogeza mbele na nyuma. Kisu chembamba kinashuka kimya hadi kwenye ubao. Kisu kinene kinaingia nusu, kisha unasikia mlio mkavu na kipande kinaruka: karoti imepasuka yenyewe kabla makali hayajafika upande wa pili. Ukitazama kipande hicho, nusu ya juu ni laini na inang'aa, nusu ya chini ina michirizi ya kupasuka. Kunoa hakutaondoa tatizo hilo, kwa sababu makali ni mazima. Kilichozidi ni nyama ya chuma nyuma yake. Ni lazima chuma kipunguzwe pande zote mbili, kazi ya saa kadhaa kwa kinoo cha chembe kubwa.

Mteremko unaoanzia mgongoni ndio bora kwa vyakula, maboksi na kamba. Mteremko mfupi wa Kiskandinavia, unaoanzia karibu theluthi ya upana kutoka kwenye makali, unachonga mti vizuri mno na ni rahisi kunoa kwa anayeanza: unalaza mteremko mzima juu ya kinoo, wenyewe unakupa pembe. Kwa kisu chenye mteremko wa mgongoni itabidi ushike pembe mwenyewe. Digrii 17 kila upande ni mwanzo mzuri. Kwa bapa lenye upana wa milimita 22, mgongo uinuliwe milimita 6.5 juu ya kinoo. Noa upande mmoja hadi uhisi kwa kidole uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili, kuanzia kisiginoni, yaani karibu na mpini, hadi nchani, ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, na kisu hakipati kamwe.

Mpini

Mpini wa vidole vinne unahitaji milimita 95 hadi 105. Wa vidole vitatu, 75 hadi 85. Wa vidole vitatu unatosha kwa bahasha na matunda, lakini ukikata kamba ngumu mkono unachoka haraka. Unene ndio unaosahaulika zaidi. Mpini wa chuma kitupu cha milimita 3 unauma kiganja baada ya dakika chache. Kuuzungushia kamba ya parashuti kunasaidia mshiko, ila kamba hiyo inanyonya jasho na maji ya chumvi, na kutu inaanza chini yake mahali usipopaona. Ukiitumia, ifungue kila baada ya wiki chache, osha, kausha.

Mimi hupendelea vipande viwili vya mti, milimita 5 kila upande, juu ya msuka wa milimita 2.5: unapata milimita 12.5, na mkono unatulia. Mpingo unapendeza na fundi yeyote atakushauri huo, lakini una takribani gramu 1.25 kwa sentimita ya ujazo, hata unazama majini. Kwa mpini wa milimita 95 kwa 22, vipande viwili vya mpingo ni gramu 26. Mninga, wenye karibu 0.6, ni gramu 12 au 13. Tena mninga hauvimbi wala kusinyaa sana majira yakibadilika, kwa hiyo hauachani na ribiti.

Kuhusu msuka, usikubali kuambiwa kwamba lazima ufike mwisho wa mpini na uonekane pande zote. Ukiingia robo tatu na kushikwa vizuri, kazi zote tulizotaja unazimudu, na uzito unarudi mbele kwenye bapa. Kisichosameheka ni mpini usio na kizuizi cha kidole cha shahada. Si lazima kiwe kirefu. Hata mbonyeo wa milimita 5 unatosha. Bila hicho, ncha ikigonga kitu kigumu mkono wenye jasho unateleza moja kwa moja hadi kwenye makali.

Sasa chuma

Pwani, swali la kwanza ni kutu. Chuma cha 1095 kina kaboni karibu asilimia 0.95 na hakina kromiamu ya kukilinda. Kinanoleka kwa raha, lakini Tanga, Mombasa au Unguja, kikikata limau kisha kirudishwe kwenye ala bila kufutwa, asubuhi kina madoa. Kwa anayeishi karibu na bahari nashauri 12C27, chenye kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu 13.5, au 14C28N chenye nitrojeni ndani yake. Vyote viwili vina chembe ndogo, vinavumilia makali membamba, na vinanoleka kwa kinoo cha kawaida. Chuma cha D2 huuzwa kwa sifa ya kukaa na makali muda mrefu. Ni kweli, ila chembe zake ngumu ni kubwa. Ukikinoa chembamba makali yanamomonyoka vipande vidogo vidogo, na kromiamu yake ya asilimia 12 haitoshi kuzuia kutu, kwa kuwa sehemu kubwa imefungwa na kaboni. MagnaCut, kilichotoka mwaka 2021, kinaunganisha ukinzani wa kutu na makali ya kudumu, lakini bei yake inanunua visu kadhaa vya 12C27.

Kisu cha mhunzi wa Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, kilichotoka kwenye springi ya gari, kinaweza kuwa kizuri sana. Chuma hicho hakivunjiki ovyo. Kagua mambo mawili: unene, kwa kuwa springi ni nene na si kila fundi anaipunguza vya kutosha, na ugumu. Chukua tupa mpya, ipitishe kidogo karibu na kisigino cha makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekarishwa, yaani kimetiwa ugumu kwa moto. Ikiuma na kutoa unga, ni laini na makali yatalala siku ya kwanza.

Tazama pia rangi. Makali yenye doa la buluu yamepita digrii 290 za Selsiasi wakati wa kusagwa, na hapo ugumu umepotea. Hilo hutokea sana visu vinaponolewa mtaani kwa grinda bila kuchovya maji. Ukiwa nacho tayari, saga kwa mkono juu ya kinoo chenye maji hadi upite sehemu iliyoungua.

Ala na mahali pa kuivaa

Ala ya ngozi ni kimya na haikwaruzi bapa, lakini inatunza unyevu. Usiku kisu kitoke humo. Ala ya plastiki ngumu kama Kydex haijali maji, mradi iwe na tundu chini la kutolea maji na mchanga. Mchanga ukibaki ndani utachora mistari kwenye bapa kila unapochomoa.

Ijaribu hivi: sukuma kisu hadi usikie kimekamata, geuza ala mpini uwe chini, tikisa kwa nguvu juu ya kitanda. Kisitoke. Kisha kichomoe kwa kusukuma mdomo wa ala kwa dole gumba. Kama unalazimika kuvuta kwa mkono mzima, siku moja kitatoka ghafla na mkono utakwenda usikotaka. Usizungushie vidole upande wa makali wa ala ya ngozi unapochomoa. Mshono ukikatika, vidole ndivyo vinavyofuata.

Shingoni sishauri, hasa kwa anayepanda bodaboda. Mgongoni juu ya uti sishauri pia, kwa sababu ya kuanguka. Mahali pazuri ni kiunoni upande wa mkono unaotumia, mbele kidogo ya nyonga, ama kwa kulaza ala juu ya mkanda. Uwanjani, mahakamani na kwenye mikusanyiko kiache nyumbani. Safarini kwa ndege kinakwenda kwenye mzigo wa chini. Walioko Uingereza wajue kwamba kisu kisichokunjwa, hata kiwe kidogo vipi, hakibebwi hadharani bila sababu ya msingi. Ujerumani mpaka wa bapa ni sentimita 12, na katika usafiri wa umma na mikusanyiko masharti yamekazwa tangu 2024.

Ukishaifunga ala, kaa kwenye kiti, funga mkanda wa gari, inama ufunge kamba za viatu. Mpini ukikuchoma mbavu, sogeza ala sentimita tatu nyuma au ishushe, kisha ukae tena.