Dawa za ugonjwa wa hofu ya ghafla na agorafobia

Ugonjwa wa hofu ya ghafla humpata mtu kwa vipindi vinavyojirudia: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mwili unatetemeka, naye anaamini kabisa kwamba anakufa. Kipindi hufika kileleni ndani ya dakika chache. Baada ya kupatwa mara kadhaa wengi huanza kukwepa mabasi, foleni, masoko, hata kutoka nyumbani peke yao, wakihofia kuzidiwa mahali ambapo ni vigumu kutoka au kupata msaada. Hiyo ndiyo agorafobia.

Kabla ya dawa, daktari hupima tezi ya shingo, damu na moyo, na huuliza kuhusu kahawa na miraa, kwa kuwa vyote hivi vinaweza kuleta dalili zinazofanana.

Dawa za kwanza ni zile za sonona (huzuni nzito isiyoisha) zinazoongeza kazi ya serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, kama sertralini, paroksetini na fluoksetini. Hutolewa hata kwa asiye na sonona. Njia hii ilifunguliwa miaka ya 1960, daktari wa akili Donald Klein wa Marekani alipoona kwamba imipramini, dawa kongwe ya sonona, inazuia vipindi vya hofu.

Tiba huharibika zaidi mwanzoni. Siku za kwanza dawa hizi huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi kuzidi, na mgonjwa huyu tayari anasikiliza kila pigo la moyo wake. Akianzishiwa dozi kubwa ataona dawa yenyewe inamuua, na ataiacha. Kwa hiyo sertralini huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki moja, kisha 50, na ikibidi hupandishwa taratibu bila kupita 200. Imipramini huanza hata na miligramu 10. Nafuu huonekana kuanzia wiki ya 2 hadi ya 4, na mara nyingine husubiriwa hadi wiki ya 12. Aliye chini ya miaka 25 aangaliwe kwa makini katika wiki hizo za mwanzo. Akipata mawazo ya kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Diazepamu na alprazolamu, dawa za kutuliza wasiwasi, hutuliza haraka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mwili huzizoea ndani ya wiki chache, zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege, na zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu huweza kuzuia pumzi. Mwongozo wa Uingereza unashauri zisitumike kutibu ugonjwa huu.

Kwa agorafobia, kidonge peke yake hakitoshi. Dawa huzima vipindi, lakini aliyezoea kukwepa basi ataendelea kulikwepa. Dawa ikishashika, arudie safari kwa hatua: kituo kimoja akiwa na mtu, kisha peke yake, kisha vituo vitatu, akibaki humo mpaka hofu ishuke yenyewe.

Akipona, aendelee na dawa angalau miezi 6, wengi hadi mwaka. Kuacha ni kupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa au miezi, hasa paroksetini, ambayo hutoka mwilini upesi. Kizunguzungu na hisia kama za kupigwa shoti zikianza siku chache baada ya kupunguza, kwa kawaida ni mwili unaodai dawa. Ugonjwa unaorudi hujitokeza polepole zaidi. Kwa dalili hizo za kupunguza dawa, daktari hurudisha dozi iliyotangulia, kisha hupunguza kwa hatua ndogo zaidi.