Kabla Hujanunua Sensa: Jinsi Kompyuta ya Injini Inavyofanya Hesabu Zake

Haipiti wiki bila mteja kufika gerejini kwangu, hapa Tegeta, akiwa ameshika sensa mpya mkononi. Ameinunua Kariakoo au Gerezani, kwa sababu alikopimiwa gari kwa mashine aliandikiwa msimbo wa hitilafu kwenye kipande cha karatasi na kuambiwa kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Anachotaka kwangu ni kufungiwa tu. Mimi humwomba anipe nusu saa kabla hajalifungua boksi lake, kwa kuwa mara nyingi sensa ya zamani huwa nzima, na kosa lake pekee ni kusema kweli kuhusu tatizo lililoko mahali pengine.

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi tunaiita kontroboksi, haijapata kuiona injini hata siku moja. Inachopokea ni volti tu, na kutokana na volti hizo hukisia kinachoendelea ndani ya chuma. Chukua sensa ya joto la maji ya rejeta. Ndani yake mna kipande kidogo ambacho ukinzani wake, yaani namna kinavyouzuia umeme, hupungua kadiri joto linavyopanda: katika Toyota nyingi zilizojaa mjini hapa, utapima takribani omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na karibu omu 300 tu kwenye nyuzijoto 80. Kompyuta hutuma volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, hupima volti iliyopo kwenye waya wa sensa, hutazama jedwali lililomo katika kumbukumbu yake, kisha hupata joto. Waya ukikatika, hesabu hiyohiyo hutoa nyuzijoto 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam hatuijui hata kwa kusimuliwa. Hapo kompyuta huwasha taa ya injini, huacha kuisikiliza sensa hiyo, na kutumia joto la kukadiria ili gari lisimwache mwenyewe barabarani.

Hesabu kuu, hata hivyo, ni ya mafuta. Petroli huungua sawasawa inapopata takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Ili kuijua hewa iliyoingia, magari mengi yana sensa iliyofungwa karibu na boksi la kichujio, yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme; hewa inayopita huupoza waya huo, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo cha hewa. Sensa ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, nayo husoma meno ya gurudumu la chuma. Katika injini nyingi ndogo za Toyota gurudumu hilo lina nafasi 36, lakini meno mawili yameachwa makusudi, na pengo hilo ndilo linaloiambia kompyuta krenki imefika wapi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno 1,700 hupita mbele ya sensa kila sekunde, na katika sekunde hiyohiyo kompyuta inapaswa kuagiza cheche 100, kila moja kwa wakati wake. Ni kutokana na hewa, mizunguko na joto ndipo inapoamua nozeli inayonyunyiza petroli ifunguke kwa muda gani, na injini ikiwa imetulia muda huo ni milisekunde chache tu.

Baada ya kuagiza, hukagua kazi yake yenyewe. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, hutoa volti inayokaribia 0.9 mafuta yakizidi, na inayokaribia 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta ikiona hewa imezidi huongeza mafuta kidogo. Ikiona mafuta yamezidi huyapunguza. Na sensa nzima huonekana kwenye mashine ikipanda na kushuka bila kuchoka. Kiasi cha nyongeza au punguzo huhifadhiwa kwa asilimia, na kwangu mimi namba hizo zina thamani kuliko msimbo wowote.

Mteja mmoja alikuja na Toyota IST ambayo ilikwisha kubadilishiwa sensa ya oksijeni mara mbili katika gereji nyingine, na bado msimbo P0171 ulikuwa ukirudi. Msimbo huo hausemi kwamba sensa ni mbovu, bali kwamba kompyuta imeongeza mafuta hadi mpaka wake na bado inaona hewa nyingi. Injini ikiwa imetulia nilikuta nyongeza ya asilimia 24. Nilipoipandisha hadi mizunguko 2,500, nyongeza ikashuka hadi asilimia 5. Kwa fundi, tofauti hiyo ni kauli kamili. Kama tatizo lingekuwa pampu dhaifu ya mafuta, nyongeza ingekua kadiri injini inavyodai zaidi. Inapopungua, maana yake ni kwamba kuna hewa inayojipenyeza baada ya sensa ya hewa, kwa kiasi kilekile, na ambayo uzito wake hauhisiwi sana injini inapovuta hewa nyingi. Nilikuta mpira mdogo wa vakyumu umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Bei ya mpira ule naona haya hata kuitaja mbele ya gharama za sensa mbili.

Kosa ninalolilaumu zaidi, na hapa nasema wazi kwamba sisi mafundi ndio tuliolieneza, ni kutoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Hoja inayotolewa ni kwamba jiji letu ni la joto, kwa hiyo maji yazunguke muda wote. Ukiwa umekwama kwenye foleni ya Mwenge hutaona tofauti. Lakini ukishuka barabara ya Bagamoyo usiku, upepo ukipiga rejeta, maji yanaweza kubaki mbali chini ya nyuzi 80 hivi ambazo injini ilibuniwa kufanyia kazi. Sensa ya joto huripoti hivyo kwa uaminifu, na kompyuta huamini kwamba gari limewashwa sasa hivi: huongeza mafuta, huinua mizunguko, na huchelewa kufikia utaratibu wake wa kawaida. Mwenye gari hulalamikia ulaji wa mafuta, fundi hubadilisha sensa, sensa mpya nayo huripoti baridi ileile. Gari likichemka, tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyowaka au gasketi iliyoungua. Thamostati irudishwe.

Kuhusu masega yaliyotolewa kwenye bomba la moshi, yale yanayosafisha moshi, nitasema kwa ufupi: sensa ya pili ya oksijeni iko nyuma ya masega hayo ili kuyakagua, hivyo ukiyatoa utaletewa msimbo P0420, na hakuna sensa mpya itakayouondoa.

Kisha kuna waya wa hasi. Sensa nyingi hupimwa kwa kulinganishwa na hasi ya kompyuta, na hewa ya chumvi ya pwani, pamoja na maji ya mvua za masika, hula bolti inayouunganisha waya huo na injini. Ukinzani ukiingia hapo, sensa tatu au nne huanza kusema uongo kwa pamoja. Ninapoona misimbo mingi isiyohusiana, siulizi bei ya sensa. Nashika brashi ya waya na spana namba 10.

Soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, ambamo mashine ya kupimia huchomekwa, ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Magari yetu mengi yaliundwa kwa soko la Japani, kwa hiyo kifaa cha bei rahisi huenda kikakaa sawasawa kwenye soketi na kisielewane na kompyuta. Hilo halimaanishi kwamba kontroboksi imekufa. Kikielewana nayo, usikubali misimbo ifutwe papo hapo. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati hitilafu ilipoonekana: joto, mizunguko, mwendo, mzigo. Ukifuta, kumbukumbu hiyo huondoka pamoja na msimbo. Ipige picha kwa simu kwanza, uje nayo.